Sumaku yako inabeba kilo ngapi? Hesabu ya nguvu ya kuvuta kati ya sumaku na chuma

Sumaku ya neodimiamu yenye kipenyo cha mm 20 na unene wa mm 10 ni kitu kidogo, unaifumbata kiganjani isionekane. Ibandike kwenye chuma kinene kilichopigwa msasa vizuri, uone: itakubidi uvute kwa nguvu ya karibu kilo 11 ndipo iachie. Ihamishie sumaku hiyohiyo kwenye mlango wa kabati la bati, utundike kilo 4, na itateleza mpaka chini. Sumaku ni ileile. Kilichobadilika ni chuma, na upande ambao mzigo unavutia.

Namba ya kilo inayoandikwa kwenye pakiti hupimwa kwenye hali nzuri kuliko zote: chuma kinene, tambarare, kisicho na rangi, na sumaku ikivutwa wima kutoka kwenye uso wa chuma. Karakana yako haina hali hiyo. Kwa hiyo tutapiga hesabu yetu wenyewe, kwa kazi moja halisi: kuning'iniza taa ya kazi yenye uzito wa kilo 1.5 chini ya boriti ya chuma. Unahitaji vernia au rula nzuri, kalkuleta ya simu yenye alama ya kipeuo cha pili (√), ndoo, na karatasi kadhaa za A4. Kazi ya karatasi hizo utaiona mbele.

Hatua ya 1: Ijue sumaku yako

Pima vipimo viwili, kipenyo na unene. Kwenye hesabu tutatumia nusu kipenyo, tukiite R, na unene tuuite L. Sumaku yetu ina R ya mm 10 na L ya mm 10.

Kisha tafuta daraja lake. Neodimiamu huuzwa kwa majina kama N35, N42 na N52. Namba hiyo inaeleza kiasi cha juu cha nishati ambacho sumaku inaweza kushika kwa ujazo wake. Kwa kazi yetu tunachohitaji ni kipimo kingine kinachoitwa Br, yaani ukali wa uga (hali ya usumaku inayoijaza sumaku na kuizunguka) uliobaki ndani yake baada ya kutiwa usumaku kiwandani. Hupimwa kwa tesla. N35 ina Br ya tesla 1.2 hivi, N42, ambayo ndiyo sumaku yetu, ni 1.3, na N52 ni kama 1.45. Ile sumaku nyeusi ya mviringo iliyo nyuma ya spika ni feraiti, na Br yake ni karibu 0.38 tu.

Ukinunua bila kuambiwa daraja, ihesabu kama N35. Ikitokea kuwa na nguvu zaidi, hujapoteza kitu.

Hatua ya 2: Tafuta uga unaogusa chuma

Hapa ndipo penye moyo wa hesabu, na panastahili subira kidogo. Bamba nene la chuma mbele ya sumaku hufanya kazi kama kioo. Sumaku inajiona upande wa pili wa kioo hicho, kana kwamba kuna pacha wake amejificha ndani ya chuma, naye anaivuta. Kwa sababu hiyo, uga kwenye uso wa chuma ni mara mbili ya ule ambao sumaku ingeutoa mahali hapo ikiwa peke yake hewani. Uga huo wa kwenye uso wa chuma tuuite B. Sumaku ikigusana kabisa na chuma, kanuni inakuwa fupi:

B = Br × L ÷ √(R² + L²)

Tuweke namba zetu. R² ni 100, L² ni 100, jumla 200, na kipeuo chake cha pili ni 14.14. Kumi gawanya kwa 14.14 ni 0.707. Zidisha kwa 1.3, unapata B ya tesla 0.919.

Kukiwa na mwanya kati ya sumaku na chuma, tuuite g, kanuni inarefuka:

B = Br × [ (L + g) ÷ √(R² + (L + g)²) − g ÷ √(R² + g²) ]

Vipimo vyote ndani ya mabano vinaweza kubaki kwenye milimita, mradi vyote viwe milimita. Weka g sawa na sifuri na utaona kanuni inarudi kuwa ile fupi. Ni njia nzuri ya kuhakikisha umeiandika sawasawa kwenye simu.

Kanuni hii inatoa uga wa katikati ya sumaku. Kwa sumaku ambayo unene wake unakaribiana na nusu kipenyo chake, kama hii yetu, jibu linakuwa zuri sana. Kwa kidude chembamba kama shilingi, uga wa pembeni huwa mkubwa kuliko wa katikati, hivyo nguvu halisi itazidi hesabu. Kwa sumaku ndefu kama kipande cha nondo ni kinyume chake, nguvu halisi huwa pungufu kidogo. Sumaku ya umbo la tofali igeuze kuwa duara lenye eneo lile lile: zidisha urefu kwa upana, gawanya kwa 3.14, kisha tafuta kipeuo cha pili. Hiyo ndiyo R yako.

Hatua ya 3: Geuza uga kuwa nguvu

Kanuni ya nguvu inatokana na kazi ya James Clerk Maxwell, mwanafizikia wa Uskoti wa karne ya 19:

F = B² × A ÷ (2 × μ0)

A ni eneo la uso wa sumaku kwa mita za mraba, na μ0 ni namba isiyobadilika, 0.0000012566. Usihangaike na sifuri zote hizo ukiwa juu ya ngazi. Shika hivi: uga wa tesla 1 unavuta nyutoni 39.8 kwa kila sentimita moja ya mraba, ambayo ni kilo 4 na kidogo. Kwa hiyo:

F (nyutoni) = 39.8 × B × B × eneo (sentimita za mraba)

Sumaku yetu ina R ya sm 1, hivyo eneo ni 3.14. B mara B ni 0.845. Zidisha vyote: 39.8 × 0.845 × 3.14, unapata nyutoni 105.6. Gawanya kwa 9.81 upate kilo, na jibu ni kilo 10.8. Ndiyo ile namba ya pakiti, nasi tumeipata kwa rula na simu.

Tazama vizuri ile B mara B, maana ndiyo inayotawala kila kitu. Uga ukipungua kwa nusu, nguvu inabaki robo. Ndiyo maana sumaku ya feraiti yenye vipimo hivihivi inavuta nyutoni 9 tu, chini ya kilo moja: Br yake ni kama theluthi ya ile ya neodimiamu, lakini nguvu yake haifiki hata sehemu moja ya kumi. Kabla Masato Sagawa wa Japani hajagundua sumaku ya neodimiamu mwaka 1982, mzigo wa kilo 10 kwa kidude cha kufumbata kiganjani haukuwa jambo la mtu wa kawaida.

Hatua ya 4: Toa adhabu ya mwanya

Rangi ni mwanya. Vumbi ni mwanya. Kutu, plastiki na mkanda wa kubandika, vyote ni mwanya, kwa sababu sumaku inaviona karibu sawa na hewa. Kwa sumaku yetu ya N42, kanuni ndefu inatoa hivi:

Bila mwanya: nyutoni 105.6, kilo 10.8
Mwanya wa mm 1: nyutoni 87, kilo 8.8
Mwanya wa mm 2: nyutoni 69, kilo 7
Mwanya wa mm 5: nyutoni 31, kilo 3.2
Mwanya wa mm 10: nyutoni 7.4, kilo 0.76

Sasa zile karatasi. Karatasi ya kawaida ya A4 ya gramu 80 ina unene wa karibu mm 0.1. Panga 10, umepata mwanya wa mm 1. Weka sumaku juu ya pleti, ivute kwa vidole. Kisha ingiza karatasi 10 katikati, ivute tena, kisha 20. Mkono wenyewe utakueleza. Nawashauri wanaoanza wafanye jaribio hili kabla ya kununua chochote, kwa sababu baada ya hapo hakuna atakayekupakia rangi mkono wa tatu mahali sumaku inapokaa nawe ukanyamaza.

Boriti yetu imepakwa rangi mikono miwili na ina vumbi la karakana, basi tukisie mwanya wa mm 0.5. Kanuni inatoa B ya 0.876, na nguvu ya nyutoni 96.

Hatua ya 5: Kagua kama chuma kinatosha

Hatua hii ndiyo inayorukwa kuliko zote, na mizigo mingi huanguka kwa sababu yake. Uga ukiingia kwenye chuma lazima ugeuke na kupita ubavuni ili urudi upande wa pili wa sumaku. Chuma kikiwa chembamba, njia hiyo inabana. Fikiria watu wanaotoka msikitini au kanisani kwa mlango mmoja mwembamba: haijalishi ndani wamejaa kiasi gani, wanaopita ni wale mlango unaoruhusu. Chuma cha kawaida kikishafika tesla 1.6 hivi huanza kushiba, na kila nyongeza baada ya hapo ni ndogo sana.

Unene wa chuma unaohitajika unaupata hivi:

t = B × R ÷ (2 × 1.6)

Kwa sumaku yetu: 0.919 × 10 ÷ 3.2 = mm 2.9. Kwa hiyo pleti ya mm 3 inatosha. Boriti yetu ina ubavu wa mm 6, haina tatizo, na ukiweka ya mm 12 hutaongeza chochote cha maana.

Je, ukiwa na pleti ya mm 1? Geuza kanuni: B ambayo chuma hicho kinaweza kuibeba bila kushiba ni 2 × t × 1.6 ÷ R, yaani 0.32. Nguvu inashuka hadi nyutoni 12.8, kilo 1.3. Hayo ni makadirio ya chini kabisa. Chuma kilichoshiba bado hubeba kidogo zaidi, na ukipima utaona namba kubwa kuliko hiyo. Lakini mtu anayepanga mzigo utakaoning'inia, heri akosee upande huu. Na kama pleti ya mm 1 inakata hivi, bati la geji 30 ambalo halifiki hata nusu milimita lisitegemewe kwa kitu kizito kuliko kalenda.

Ufumbuzi upo, tena unapendeza. Njia ya kwanza ni kufunga kipande cha pleti ya mm 3 kwa bolti nyuma ya bati, kikibana bila kuacha nafasi. Njia ya pili ni kutumia sumaku ndogo nyingi badala ya moja kubwa. Chukua nne za kipenyo cha mm 10 na unene wa mm 5. Pitia hatua ya 2 na ya 3: kila moja ina B ileile ya 0.919, kila moja inavuta nyutoni 26.4, na zote nne kwa pamoja zinafika 105.6. Nguvu ileile ya sumaku moja kubwa. Lakini unene wa chuma unaohitajika umeshuka hadi mm 1.4, na ukijumlisha ujazo wa zile nne, umetumia nusu ya madini. Ziache zipishane kidogo, moja ncha ya kaskazini ikitazama chuma, jirani yake ya kusini.

Kinachokula faida hiyo ni mwanya. Kwa mm 1, zile nne zinashuka hadi nyutoni 69, wakati ile moja kubwa bado ina 87. Sumaku ndogo hupenda chuma kisafi. Penye rangi nene na vumbi, chukua kubwa.

Neno moja kuhusu aina ya chuma. Sufuria na masinki mengi ya stenlesi ni ya daraja la 304, ambalo sumaku karibu hailishiki. Stenlesi ya 430 inashika. Usibishane na muuzaji, nenda dukani na sumaku mfukoni.

Hatua ya 6: Angalia mzigo unavuta upande gani

Hesabu yote mpaka hapa ni ya kuvuta wima, sumaku ikitoka usoni mwa chuma. Chini ya boriti ndivyo ilivyo. Lakini ukibandika sumaku kwenye nguzo iliyosimama, mzigo hauing'oi, unaiteleza. Kinachozuia ni msuguano peke yake, na kwa nikeli juu ya chuma kilichopakwa rangi hesabu sehemu moja ya tano. Nyutoni 96 zinabaki 19, chini ya kilo 2. Ndiyo sababu ya ile sumaku kuporomoka kwenye mlango wa kabati hata kabla ya kuzungumzia unene wa bati.

Mpira mwembamba kati ya sumaku na chuma huongeza msuguano sana, ingawa unaongeza mwanya. Mara nyingi biashara hiyo inalipa. Njia iliyo bora zaidi ni kuchomelea kijiti au kipande cha engo chini ya sumaku ili mzigo ukae juu yake, sumaku ibaki na kazi ya kushikilia tu. Ila uchomelee kwanza, upoe, ndipo ulete sumaku.

Kama ndoano inachomoza mbele, kuna hatari ya tatu: mzigo unaibandua sumaku kuanzia juu, kama unavyobandua stempu. Zidisha nguvu ya sumaku kwa R, gawanya kwa umbali wa ndoano kutoka kwenye chuma. Kwa ndoano ya mm 40 na nguvu ya nyutoni 96, inakuja 24. Linganisha na ile ya kuteleza, uchukue ndogo.

Hatua ya 7: Joto

Neodimiamu ya kawaida, isiyo na herufi za ziada baada ya namba, isizidi nyuzi 80 za Selsiasi. Hata kabla ya hapo hupoteza karibu asilimia 0.12 ya uga kwa kila nyuzi moja, na nguvu hupungua mara mbili ya hapo. Chini ya paa la mabati mchana wa jua, karibu na taa yenyewe, tuseme boriti imefika nyuzi 60. Ni nyuzi 40 juu ya joto la kupimia, nguvu inashuka kwa karibu asilimia 9. Zile 96 zimekuwa 87. Ikipoa zinarudi. Ikivuka 80, sehemu inaweza isirudi tena.

Hatua ya 8: Gawanya kwa tatu

Nyutoni 87 gawanya kwa 3 ni 29, sawa na kilo 3 kasoro kidogo. Taa yetu ni kilo 1.5. Inafaa, na nafasi imebaki ya mtu kuigonga kwa bahati mbaya. Kwenye nguzo ingekuwa 87 × 0.2 ÷ 3, yaani nyutoni 5.8, kama gramu 600. Hapo haifai, weka kile kipande cha engo.

Kitu chochote kitakachokaa juu ya vichwa vya watu kifungwe pia kwa waya au mnyororo mwembamba hata kama hesabu imekubali mara kumi. Hili silitolei nafuu.

Hatua ya 9: Pima kwa ndoo

Hesabu ikiisha, chuma ndicho chenye kauli. Funga kamba kwenye sumaku (zile zenye tundu na ndoano hurahisisha), ibandike chini ya boriti mahali penyewe taa itakapokaa, ning'iniza ndoo ya lita 20 iliyo tupu ambayo umeshaipima uzito. Acha nafasi ya sentimita chache tu kati ya kitako cha ndoo na sakafu, na tandika gunia la mchanga chini. Mimina maji kwa kikombe cha nusu lita, taratibu, ukiegemeza mdomo wa kikombe kwenye ukingo wa ndoo maji yasipige kishindo. Kila kikombe ni nusu kilo. Hesabu kwa sauti. Ukikaribia kilo 9 utaona kamba imekakamaa, na wakati mwingine sumaku hujisogeza kidogo kabla ya kuachia ghafla, bila onyo jingine. Hapo jumlisha maji na uzito wa ndoo.

Rudia mara tano, tafuta wastani. Ukipata chini ya robo tatu ya hesabu yako, kuna kitu: chuma hakiko tambarare, rangi ni nene kuliko ulivyodhani, au umeuziwa N35 kwa jina la N52. Geuza sumaku, piga msasa mahali padogo, pima tena. Tofauti itakuonyesha kosa liko wapi.

Vaa glavu na miwani unapofanya kazi hii. Sumaku mbili za ukubwa huu zikikutana kidole kikiwa katikati zinakata ngozi, na zenyewe ni kama kauri, zinapasuka na kurusha vipande. Mtu mwenye kifaa cha kuendesha mapigo ya moyo akae mbali nazo. Na zile ndogo za mm 10 na mm 5 usiziache mezani penye watoto hata kwa dakika moja: mtoto akimeza mbili, zinatafutana ndani ya utumbo, zinaubana na kuutoboa. Ukihisi amemeza, mkimbize hospitali saa hiyohiyo bila kungoja dalili.

Baada ya kupima, andika namba uliyoipata kwa kalamu ya wino mzito kwenye mkanda, uubandike nyuma ya sumaku: kilo za kuvuta wima, kilo za kuteleza, na unene wa chuma ulichopimia. Fundi atakayeihamisha mwakani huenda akawa mwingine.